Ni Kani Gani Ilivutayo Chubwi?

Mtu asimamaye ufukoni Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, akitaka kuutupa mshipi mbali, hulizungusha kwanza chubwi ubavuni mwake. Mtoto huupata ustadi huo kwa kutazama wakubwa. Lakini mtoto huyohuyo, akipewa darasani swali la jiwe lililofungwa kwenye uzi, aghalabu huchora mshale wa kani inayolisukuma jiwe nje ya duara, kisha hutafuta kanuni ya kukariri. Kosa hilo halitokani na uzito wa akili. Limetokana na mafundisho yanayotanguliza kanuni na kuusahau ushahidi wa mkono.

Ushahidi wenyewe ni huu. Mtupaji hauachii mshipi wakati umenyooka kuelekea ziwani. Akifanya hivyo, chubwi hupaa juu na kuanguka karibu. Huuachia mapema kidogo, chubwi likiwa ndiyo kwanza linapanda kutoka chini. Lau ingekuwapo kani ya kulisukuma nje, chubwi lingeufuata mwelekeo wa mshipi. Haliufuati, hushika njia ya mwendo liliokuwa nao. Basi kazi ya mshipi ni kulivuta ndani daima, lisishike njia hiyo.

Hata mabingwa walipitia hapo. Mwaka 1673 Christiaan Huygens wa Uholanzi alieleza kani ya kukimbia kitovu. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza akaielekeza kani kwenye kitovu.

Mishale ikisha kuchorwa sawasawa, hesabu huwa nyepesi. Tuseme chubwi lina gramu 200, mshipi una sentimeta 80, na mwendo ni mita 8 kwa sekunde. Kani ihitajiwayo kuelekea kitovu hupatikana kwa kuzidisha kilo 0.2 kwa 8 mara 8, kisha kugawanya kwa 0.8: nyutoni 16. Uzito wa chubwi ni karibu nyutoni 2. Juu, uzito huusaidia mshipi, nao huvuta nyutoni 14. Chini, huupinga, nao huvuta 18. Mwendo ukipunguzwa nusu, kani ihitajiwayo hushuka hadi nyutoni 4, yaani robo.

Hesabu hii si mchezo wa mtihani tu. Mshipi uwezao kuhimili nyutoni 15 utastahimili chubwi likiwa juu kabisa, lakini utakatika linaposhuka nyuma ya mtupaji, nalo litamwendea aliyesimama nyuma yake.

Kwa hiyo yafaa somo hili lianzie uwanjani, kwa kifundo cha kitambaa kilichofungwa kwenye uzi. Wanafunzi wabashiri kitaruka wapi, wakiachie, kisha wachore mishale. Kanuni na ije mwisho. Mwanafunzi aliyekwisha kujua ni nini kivutacho na kinavuta wapi hahitaji kuikariri. Naye aliyeikariri bila kujua hayo, swali likigeuzwa kidogo tu, hupotea.