Pampu ya Dizeli Huharibiwa na Nini?

Gari la dizeli la kisasa linapozimika njiani kati ya Mpanda na Inyonga, lawama humwangukia dereva, au fundi, au kiwanda kilicholiunda. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani mara nyingi mkosaji yumo ndani ya tangi.

Pampu za zamani zilisukuma dizeli hadi kwenye nozeli zilizofunguka kwa kanieneo ya kiasi cha mara 150 hadi 200 ya ile ya angahewa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 umeenea mtindo mwingine: pampu moja hujaza bomba la pamoja kwa kanieneo iwezayo kufikia mara 2,000, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke lini. Mafuta hutoka kama ukungu, huungua vema, na lita moja hulipeleka gari mbali zaidi. Lakini nafasi iliyopo kati ya pistoni ya pampu na silinda yake ni mikromita chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Tena pampu nyingi za aina hii hulainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake.

Basi maji, vumbi na mafuta ya taa ni sumu kwake. Ni kweli kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Hatua hizo zilistahili. Hata hivyo, kinasaba hakioni vumbi la kiangazi wala maji yaingiayo baadaye, dizeli ikishamiminwa katika mapipa na madumu ya vijijini.

Pampu ikisagika, chembe za chuma husambaa katika bomba, nozeli, hata tangi. Anayebadili pampu peke yake bila kusafisha njia nzima huiua pampu mpya pia. Ndiyo maana ankara ya gereji hutisha, na fundi anayesema hivyo hadanganyi. Kinachoshangaza ni kuona gari la wagonjwa likilala kwa miezi kwa sababu filta haikubadilishwa kwa wakati, au kikombe chake hakikumwagwa maji. Ofisi inayoagiza gari la namna hii kwa ajili ya Katavi ingeagiza na filta za miaka miwili papo hapo, na kumkataza dereva kununua mafuta ya pipa yasiyotulia.

Walimu wa fizikia wanaweza kulionyesha jambo hili kwa chupa nyeupe. Dizeli ya pipa ijazwe humo, ifungwe, iachwe usiku kucha mbali na moto. Kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji, asubuhi wanafunzi watazame chini ya chupa.