Watoto wakishaondoka, mama anabaki na kazi gani?

Mtoto wa mwisho akishapanda basi kwenda chuo, mama wengi wa Muheza hubaki na nyumba iliyo kimya. Miaka yote aliitwa Mama Fulani. Sasa anamuuliza Mungu amembakizia kazi gani.

Swali hilo mara nyingi huja pamoja na ukomo wa hedhi, kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla, kukosa usingizi na huzuni huweza kumfanya aone wito wake umekwisha, kumbe ni mwili unabadilika. Huzuni ikizidi wiki mbili na kazi za kila siku zikamshinda, aende kituo cha afya. Kutibiwa hakupunguzi imani. Maombi na dawa huenda pamoja.

Wanaoingia Hospitali Teule, ya Dayosisi ya Anglikana ya Tanga, wanajua ilipata jina kwa kuteuliwa kuhudumia wilaya. Mtu naye huteuliwa kwa ajili ya wengine. Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume, anakumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane.

Basi mama aanze na lililo karibu: kumjulia hali jirani mgonjwa, kumsindikiza binti mjamzito kliniki, au kurudia cherehani aliyoiacha kwa ajili ya malezi.

Baba na watoto nao wana sehemu yao. Mkipiga simu nyumbani, msiulize amepika nini tu. Muulizeni anatamani kufanya nini, kisha mmsaidie kuanza.