Dogo ni Moto, Sawa. Ila Kazaliwa Lini?

Mavuno yameingia, ufuta umeuzwa, na Masanze kipindi hiki viwanja vya vumbi havikosi watu. Jioni ni ndondo, Jumapili ni kombe la mbuzi, na kila mwenye mdomo ni skauti. Dirisha la usajili likikaribia wanakuja na maskauti wenyewe kutoka Moro mjini, wengine wana barua, wengine wana tisheti ya klabu tu. Jimbo la Mikumi liliwahi kumpeleka bungeni mkali wa hip hop, Professor Jay, kuanzia 2015 hadi 2020, kwa hiyo hakuna wa kuja kuwafundisha watu wa huku kipaji kinafananaje. Shida ya huku siyo kukosa vipaji. Shida ni namna vinavyopimwa.

Kuna vijana watatu wa kuzungumziwa msimu huu. Majina yatabaki kapuni, maana wawili bado wanafunzi, ila wenyeji wataelewa.

Wa kwanza ni winga wa kushoto, na huyu ndo gumzo. Akipata mpira pembeni, beki anabaki kuangalia namba mgongoni. Anakimbia kama kafukuzwa na tembo wa hifadhini, na mashuti yake makipa wengine wanayakwepa kabisa. Karatasi inasema ana miaka 16. Kidevu kinasema vingine. Katika aliomaliza nao la saba, mmoja ana watoto wawili na mwingine ni mwaka wa tatu huu anaendesha bodaboda yake mwenyewe.

Wa pili ni namba sita. Kadogo, kembamba, jezi inamfika magotini. Huyu ana miaka 15 ya kweli, kazaliwa Novemba, na kadi ya kliniki mama yake bado anayo kwenye sanduku. Kila mechi ikifika dakika ya sitini kocha anamtoa, sababu ni ileile: "hana mwili." Lakini mtu akiacha kuangalia mpira akamwangalia yeye peke yake dakika kumi tu, anaona kitu. Kabla pasi haijamfikia ameshageuza shingo mara mbili. Akipokea, tayari anajua anaupeleka wapi. Akipoteza, yeye ndo wa kwanza kukimbia kuutafuta, halalamiki, hamwangalii refa.

Wa tatu ni kipa. Miaka 17, mikono mirefu, mguuni bado ni majanga. Alifungwa goli la kizembe mechi moja watu wakacheka wiki nzima. Mechi iliyofuata alisimama golini palepale, anawapanga mabeki wake kwa sauti, baadhi yao wakubwa kuliko yeye, na wanamsikiliza.

Kura ya kijiweni ipo wazi: winga wa kwanza, kipa labda, na namba sita anatajwa na mwalimu wake wa michezo tu. Kura hiyo imekosewa, na siyo kwa sababu watu hawajui mpira. Imekosewa kwa sababu inaanza na swali la pili. Swali la kwanza kwa kijana yeyote siyo amefunga mangapi. Ni amezaliwa lini.

Sababu yenyewe haina ufundi mwingi. Kijana wa miaka 19 akicheza na watoto wa 15, lazima aonekane fundi. Miguu imeshakomaa, pumzi ipo, kifua kipo. Anayempita siyo beki, ni mtoto ambaye sauti yake bado inavunjika. Sasa mpeleke huyohuyo kwa wenzake wa 19 na 20, ambao nao wana vifua. Ile mbio aliyokuwa nayo peke yake inakuwa ya kila mtu, na chenga ambazo hakuwahi kulazimika kujifunza ndo zinamtafuta. Ndiyo maana kuna wachezaji wengi nchi hii waliokuwa tishio wakiwa vijana, halafu wakafika timu za wakubwa wakayeyuka kama barafu ya mia mbili. Watu wanasema kalogwa. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu.

Na hata bila kudanganya, umri unaficha mambo. Kwenye timu ya umri mmoja, aliyezaliwa Januari anamzidi aliyezaliwa Desemba karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 13 mwaka mzima ni mwili mwingine kabisa. Watafiti wa michezo wamelikuta hili nchi nyingi: timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, wa mwishoni wanaachwa kwa kuwa ni wadogo. Sasa Mbwana Samatta kazaliwa mwezi gani? Desemba, mwaka 1992. Akacheza African Lyon, akaenda Simba, na 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua akiwa na miaka 18. Januari 2016 akatua Genk ya Ubelgiji, Januari 2020 akawa Aston Villa. Angekutana na kocha wa "hana mwili" asiye na subira, yote hayo yangeishia njiani.

Wanaosema kupunguza umri ni ujanja wa kawaida tu wakumbuke nchi hii imelipa bei gani. Serengeti Boys walikuwa wameshakata tiketi ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 iliyofanyika Gambia mwaka 2005, wakaenguliwa kwa mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima, pamoja na waliokuwa na umri halali, wakabaki nyumbani. Mwaka 2017 kibao kikageuka: Congo Brazzaville waliondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao ambaye hakufika kupimwa, na Tanzania ikaenda Gabon kwa nafasi hiyo. Mwaka 2019 fainali zilipofanyika Dar es Salaam, Guinea walifika mpaka fainali yenyewe, kisha wakaondolewa kwa udanganyifu wa umri na kukosa Kombe la Dunia. Na Januari 2023 Cameroon waliwapima vijana 30 wa timu yao, 21 wakafeli. Ishirini na moja!

Kipimo chenyewe ni MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ambayo ndiyo inayokua; mtu akishakomaa inafunga, na picha inaonyesha. FIFA wameanza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana tangu 2009. Mtendaji wa kijiji anaweza kuandika barua, mjomba anaweza kuapa, cheti kinaweza kuwa na mhuri wa moto kabisa. Mfupa hausomi barua.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo watu hawapendi liongelewe. Ule umri wa 16 wa winga haukutoka hewani. Kuna jamaa mmoja anayejiita wakala, mwenye simu mbili na maneno mengi, ndiye anayesemekana kuleta ushauri: kijana atumie cheti cha mdogo wake. Jina la mdogo, tarehe ya mdogo, sura ya kaka. Familia ikakubali, na kuilaumu ni rahisi kwa mtu ambaye nyumbani kwake hakujawahi kukosekana nauli. Kaambiwa timu zinataka wa 15 na 16, kaambiwa kila mtu anafanya hivyo, na mbele yake kuna mtoto anayeweza kutoa ukoo mzima kwenye jembe.

Lakini mdogo mtu yupo. Yupo kidato cha pili, na yeye pia anacheza. Siku atakapotaka kusajiliwa kwenye timu yoyote rasmi, atakuta jina lake limeshasajiliwa na lina magoli. Siku kaka atakapobambwa na kufungiwa, kitakachofungiwa ni jina la mdogo. Na kaka naye, akifanikiwa, ataishi na jina lisilo lake maisha yote: mkataba, hati ya kusafiria, akaunti ya benki, mpaka cheti cha ndoa. Watoto wawili wamewekwa kwenye karatasi moja, na karatasi haiwezi kuwabeba wote. Wakala simu yake ikizima, anayebaki nyumbani na huo mzigo ni mama.

Hoja ya upande wa pili ipo na inastahili kusikilizwa. Masanze hakuna akademi. Mtoto wa Dar anaanza kufundishwa akiwa na miaka minane, wa huku anakutana na kocha wa kwanza akiwa sekondari. Akionekana na 19, anaambiwa kachelewa. Sasa afanye nini? Kwamba mfumo haumtendei haki, ni kweli kabisa. Ila dawa ya kuchelewa siyo kumchukulia nafasi mtoto mwingine. Kila kijeba anayeingia timu ya U-17 anamtoa namba sita fulani, mwembamba, mwenye kadi ya kliniki, ambaye naye katoka kijiji kilekile kisicho na akademi. Anayeibiwa siyo tajiri wa Dar. Anayeibiwa ni jirani.

Tena wenzetu wenye kila kifaa bado wanakosea, ndo itushtue. Australia wana mpira wao wa kienyeji, unaochezwa kwa mikono na miguu kwenye uwanja wenye umbo la yai. Kila mwisho wa mwaka klabu zao 18 zinachagua vijana kwa zamu, na iliyofanya vibaya ndo inaanza. Vijana wanaangaliwa misimu kadhaa kabla ya hapo, wanapimwa mbio za mita 20, kuruka juu, kukimbia kilomita mbili, wanakalishwa na kuhojiwa. Pamoja na yote hayo, mwaka 1990 James Hird alichaguliwa wa 79, halafu mwaka 1996 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima pamoja na mwenzake mmoja. Mwaka 2013 Aliir Aliir, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini aliyezaliwa kambi ya Kakuma pale Kenya, aliitwa wa 44. Mwaka 2021 alikuwa kwenye kikosi bora cha msimu cha nchi nzima. Kama wenye video, saa na madaktari wanaweza kumpitisha mtu hivyo, skauti aliyekaa kwenye benchi jioni moja na soda mkononi anapata wapi uhakika?

Kwa hiyo kijana apimwe vipi? Kwanza kadi ya kliniki au rejista ya shule aliyoanzia darasa la kwanza, kabla ya kitu chochote. Pili, mechi tatu, siyo moja, na mojawapo iwe ambayo timu yake inafungwa, maana ukiongoza mawili kila mtu ni fundi. Tatu, aangaliwe asipokuwa na mpira, kwa sababu hapo ndo anatumia muda mwingi zaidi. Nne, achezeshwe na wakubwa wake, ionekane kinachobaki mbio zikiondolewa. Tano, aulizwe mwalimu wake, maana dogo asiyeambilika darasani hata kambini atasumbua. Haya yote hayahitaji hela. Yanahitaji daftari na mtu mwaminifu wa kuliandika.

Na matokeo ya siku moja yasimdanganye mtu. Serengeti Boys wa 2019 walipoteza mechi zote tatu nyumbani, ya kwanza 5-4 kwa Nigeria. Waliosoma matokeo tu walifunga kitabu. Waliokuwa wanaangalia wachezaji waliondoka na jina la Kelvin John, na mwaka 2021 akasaini Genk, klabu ileile ya Samatta.

Tukirudi kwa wale watatu. Winga ni mchezaji, hilo halina ubishi, ila arudishiwe jina lake na umri wake, apelekwe kujaribu kwa wakubwa. Ligi ya mkoa ipo, madaraja ya chini yapo, na huko hakuna anayeuliza kama una ndevu. Akiweza huko, atakuwa ameweza kweli. Kipa ndo wa kuchukuliwa sasa hivi. Miguu inafundishika, ila moyo wa kusimama golini wiki moja baada ya kuchekwa haufundishiki kirahisi. Namba sita asiguswe na wakala yeyote. Amalize shule, ale ashibe, achezeshwe dakika tisini, na aangaliwe tena baada ya miaka miwili. Mwili utakuja wenyewe. Jicho lile halinunuliwi.

Skauti akifika Masanze akaulizia kadi ya kliniki kabla ya magoli, huyo apewe kiti. Anayefika na ushauri wa cheti cha mdogo mtu, aonyeshwe bodaboda ilipo.

Wadau mnasemaje? Kwenu huko vijeba wapo au mmeshawamaliza? Tupia maoni hapo chini, ila majina ya watoto wa watu yaacheni.