Tahasusi ya mtoto ni amana, si mkumbo

 

Ndugu msomaji, kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, maelfu ya nyumba nchini hukabiliwa na uamuzi mmoja mzito: mtoto aliyefaulu asome masomo gani matatu katika Kidato cha Tano na cha Sita. Uamuzi huu humkuta kijana akiwa na umri wa miaka 16 au 17, na matokeo yake humfuata maisha yake yote. Leo tumtazame kijana anayetamani kusoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Na tumweke Samunge, Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, kwa sababu huko aliyekosea kuchagua hana mwalimu wa ziada wala jirani mhandisi wa kumsahihisha.

Jina la Samunge lilienea Afrika Mashariki yote mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Mzee huyo alifariki dunia mwaka 2021, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Makala hii haikukusudia kumhukumu. Tunalolikumbuka ni hali ya sisi tuliokuwa tukimiminika. Wengi walipanda gari kwa sababu jirani amepanda, na wapo walioacha dawa za hospitali kabla ya kuuliza swali hata moja. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Israa, aya ya 36, kufuata jambo tusilolijua, na akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Mkumbo huo ungalipo, ila leo umehamia katika fomu za kuchagua masomo. Kijana anachagua tahasusi kwa kuwa rafiki yake ameichagua, au kwa kuwa mjomba amesikia kuwa kompyuta ina fedha. Mwingine anaikimbia Hisabati kwa kuwa ameambiwa tangu Kidato cha Kwanza kwamba somo hilo si la watu wa kwao.

Kwanza, basi, tujue jambo lenyewe lilivyo. Sayansi ya kompyuta si ufundi wa kuchapa barua wala kutengeneza mashine iliyoharibika. Ni elimu ya kulivunja tatizo katika hatua, kuzipanga hatua hizo kwa mantiki isiyo na mwanya, na kuthibitisha kuwa zitafikisha jawabu sahihi. Msingi wa elimu hiyo ni Hisabati. Kijana anayepanga kusoma kompyuta huku akipanga kuikwepa Hisabati ni sawa na anayetaka kuwa qadhi huku akikwepa fiqhi.

Tuzitazame tahasusi zenyewe. PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, humfungulia kijana sayansi ya kompyuta pamoja na uhandisi wa aina nyingi. PGM, yenye Jiografia badala ya Kemia, humpa njia inayokaribiana na hiyo. Ipo pia tahasusi ya Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Ni nzuri kwa shule yenye mwalimu, umeme na maabara, lakini asiyeisoma asidhani amefungiwa mlango. EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, humwachia kijana Hisabati mkononi, na kwa hiyo vipo vyuo vitakavyompokea katika kompyuta. Ila kwa kukosa Fizikia, milango ya uhandisi huwa migumu kwake. PCB, yenye Biolojia, ni njia ya udaktari. Wanaoisoma hufundishwa hisabati tumizi ya kiwango cha chini, ambayo baadhi ya vyuo huizingatia na vingine havitosheki nayo.

Sharti la jumla la kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango kikuu, yaani kati ya daraja A na E, na kufikisha pointi 4 katika masomo hayo mawili. Baada ya hapo kila chuo kina sharti lake: kimoja kitadai Hisabati ya Juu iwe miongoni mwa hayo mawili, kingine kitaridhika na ufaulu mdogo wa daraja S. Masharti hayo huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwenyezi Mungu ametuagiza katika Suratun Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Kuusoma mwongozo huo kabla ya kujaza fomu ni sehemu ya kuitekeleza amri hiyo, na kuuliza si ujinga.

Sasa tuingie katika jambo linalotugusa sisi Waislamu hasa. Machi 2024 Serikali ilitangaza kuwa tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, na miongoni mwa makundi yake saba limo kundi la masomo ya elimu ya dini. Tulilipokea jambo hilo kwa furaha, kwani taifa linahitaji walimu wa dini waliosoma kwa utaratibu. Lakini kumezuka fikra miongoni mwa baadhi ya wazazi kwamba mtoto mcha Mungu, hata akiwa hodari wa Hisabati, aelekezwe katika tahasusi ya dini, na kwamba anayekwenda kwenye Fizikia na Hisabati ameichagua dunia akaiacha akhera. Kwa heshima yote tunasema: fikra hiyo haina msingi katika sheria.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihyaa, ameihesabu elimu ya hisabu pamoja na utabibu miongoni mwa fardhi kifaya. Maana yake ni kuwa umma wote ukiiacha, wote wanapata dhambi. Na sababu yake iko wazi. Chukua mfano wa mtu aliyefariki akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata thumuni, mama sudusi, na kinachobaki ni cha mtoto. Ili ugawe ni lazima utafute kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6, ambacho ni 24. Mke atapata mafungu 3, mama 4 na mtoto 17. Asiyejua hesabu ya darasani hawezi kuitekeleza aya ya mirathi, hata akiwa ameihifadhi kwa tajwidi safi.

Wala si sadfa kwamba aliyeiweka elimu ya aljebra katika kitabu alikuwa Muislamu. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa Al-Ma'mun, na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu hesabu za wasia na mirathi. Jina lake, lilipopita katika ndimi za Walatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua ambao bila huo hakuna programu ya kompyuta duniani.

Leo zipo programu za kugawa mirathi katika simu. Umpe kazi hiyo mtaalamu wa kompyuta asiyejua fiqhi, kisha umletee mwanamke aliyefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Ukijumlisha, mafungu yanazidi mali. Wanazuoni wameitatua kwa kanuni ya aul: asili ya 6 inapandishwa kuwa 7, mume anapata 3 na dada wawili 4. Programu isiyoijua kanuni hiyo itadhulumu mtu. Na sheikh asiyejua programu hatajua dhuluma imeingilia wapi. Tunamhitaji kijana aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa na kwenye dawati la Hisabati kwa pamoja.

Hapo ndipo tunapomgeukia tena mtoto wa Samunge. Asiseme mtu kwamba fikra za aina hii ni ngeni kwake. Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wamelima kwa mifereji kwa vizazi vingi, na baraza la wazee waitwao wenamiji ndilo linalopanga zamu za maji. Robert Gray aliandika kitabu juu ya jamii hiyo mwaka 1963, na mifereji hiyo ni sehemu kubwa ya habari yake. Maji ni machache, mashamba ni mengi, na kila mmoja apate haki yake kwa wakati wake bila ugomvi. Kupanga zamu ya kitu kichache kati ya wahitaji wengi ni miongoni mwa kazi kuu za ndani ya kompyuta. Mtoto aliyekua akiona hesabu hiyo mferejini ana mwanzo mzuri. Anachokosa ni mwalimu wa kumwonyesha kuwa hiyo nayo ni Hisabati.

Na kukosa huko ni kweli na kunauma. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa nchini ndio waliofaulu Hisabati. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya taifa zima, shule ya mbali yenye mwalimu mmoja wa somo hilo, au isiyo naye kabisa, itakuwaje? Kwa hiyo uchaguzi wa tahasusi hauanzi siku ya kujaza fomu. Unaanza Kidato cha Kwanza, siku mtoto anapoulizwa daftari lake la Hisabati kama anavyoulizwa juzuu yake.

Enyi wazazi, watoto ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Msimwondoe mtoto kwenye Hisabati kwa jina la dini, wala msimsukume kwenye kompyuta kwa jina la fedha. Tazameni vitu vitatu: uwezo wake katika masomo, mapenzi yake, na mlango unaofunguliwa na tahasusi hiyo. Kisha shaurianeni naye, kwani Suratush Shuura, aya ya 38, imewasifu wanaoendesha mambo yao kwa mashauriano, na mtoto ni mhusika wa kwanza wa shauri hilo. Binti naye asisahauliwe. Akili ya Hisabati haikugawiwa wavulana peke yao, na wajibu wa kutafuta elimu uliofundishwa na Mtume (S.A.W.) umemkusanya kila Muislamu.

Baada ya mashauriano, kijana aswali istikhara, ambayo Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Maswahaba kwa uzito ule ule aliowafundisha sura za Qur'ani. Lakini istikhara si badala ya utafiti. Mtu yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mwongozo wa TCU ni sehemu ya kamba hiyo.

Enyi vijana, ambaye alama zake za Hisabati hazikutosha asikate tamaa. Zipo njia za stashahada katika vyuo vya ufundi vinavyosimamiwa na NACTVET, na aliyefanya vizuri huko anaweza kuendelea hadi shahada. Njia hiyo si ya walioshindwa. Na aliyebarikiwa kufaulu sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita ajue kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Serikali uitwao Samia Scholarship kwa ajili ya wanafunzi wa aina yake. Umasikini wa Samunge usimfanye ajikatie hukumu kabla ya kuomba.

Nanyi maimamu na viongozi wa misikiti ya Karatu, Wasso na Loliondo, jambo hili lina mlango mwembamba wa wakati. Katika miaka ya karibuni, baada ya matokeo, TAMISEMI imekuwa ikiwafungulia wahitimu mfumo wa mtandaoni ili wabadilishe machaguo yao, na muda huo una mwisho. Kijana wa mjini hufungua simu usiku ule ule. Yule aliye malishoni, mahali penye mtandao wa kubahatisha, anaweza kupata habari muda ukiwa umekwisha, akapangiwa masomo aliyoyajaza miezi mingi nyuma bila kujua maana yake. Tunapendekeza kila msikiti uteue watu wawili, mwalimu na mtu mwenye simu yenye mtandao, wakae na wahitimu wote wa eneo lao katika kipindi hicho. Huko Sale Waislamu si wengi. Basi asiulizwe mtu dini yake kabla ya kusaidiwa. Na sehemu ya sadaka zetu ilipe nauli na posho ya mwalimu wa Hisabati wakati wa likizo. Elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo malipo yake hayakatiki mtu anapokufa, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.).

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, wape watoto wetu ufahamu na uchaji, na utujaalie tuwe waaminifu kwa amana ulizotukabidhi. Amin.