Kabla hujamnunulia mama busta

Boom limeingia juzi, na kama kawaida hapa hosteli mipango ni mingi kuliko hela. Rumeti wangu kaja na tangazo kaliona kwenye simu: busta ya netiweki, eti ukiifunga nyumbani simu zote zinasoma full. Anataka kumpelekea mzee wake kijijini. Kaniuliza mimi kwa sababu nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, na pia kwa sababu kila mtu hapa anajua kwetu netiweki ni ya kuvizia kama digidigi. Jibu langu likawa refu mno, nikaona bora niliweke hapa ili na wengine mlisome.

Msimamo wangu ni huu. Kwanza, nyumba nyingi zinaweza kupata nafuu bila kutoa hata shilingi. Pili, busta ni kitu cha mwisho kufikiria, wala si cha kwanza. Tatu, mahali ambapo mawimbi ya mnara hayafiki kabisa, hilo si tatizo la mzazi wako kulitatua kwa hela ya mahindi. Hapo inabidi watu wapige kelele, na kelele yenyewe iwe na mpangilio.

Najua wapo watakaosema "wewe nawe, si uwapigie asubuhi wakiwa shambani kule juu?" Jamani, netiweki ya nyumbani si ya kuangalia picha Facebook tu. Kwetu ni Lushoto, bondeni. Mama analima nyanya na kabichi. Nyanya hazisubiri mtu. Dalali akipiga saa mbili usiku kusema kesho gari linapakia, simu isipopatikana anampigia mwingine, basi. Mwaka jana mama alipitwa hivyo mara mbili ndani ya msimu mmoja, tenga zikaenda kwa nusu bei kwa mtu aliyepita na pikipiki. Nusu bei ile ndiyo ada ya mdogo wangu. Na kuna jirani yetu mmoja alishikwa na uchungu usiku, mumewe ikabidi apande mlima na tochi kutafuta sehemu ya kumpigia bodaboda. Ashukuriwe Mungu mtoto yupo na anakimbia, lakini tusifanye mchezo na usiku kama ule.

Sasa turudi darasani kidogo, nitafanya haraka.

Mawimbi ya simu ni kama mwanga, ila macho yetu hayayaoni. Yanasafiri zaidi kwa kunyooka. Kilima kikikaa katikati yako na mnara unakuwa kwenye kivuli, na kinachokufikia ni mabaki yaliyojipinda juu ya kilele. Mawimbi ya masafa ya chini yanajipinda na kupenya vizuri kuliko ya masafa ya juu. Ndiyo maana megahezi 900, ambayo 2G nyingi huitumia, inaweza kukufikia bondeni wakati megahezi 2100 imeishia mgongoni mwa mlima. Halafu kuna bati. Bati ni chuma, na chuma kinarudisha mawimbi yalikotoka. Nyumba yenye bati juu na ukuta mnene wa tofali inapokea mawimbi zaidi kupitia madirishani na milangoni. Ongeza miti yenye majani mabichi yaliyolowa mvua, picha inakamilika.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: vile vijiti vya netiweki kwenye kioo si kipimo cha kuaminika. Kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka. Kipimo chenyewe ni namba yenye alama ya kutoa mbele, inaandikwa dBm. Kwenye simu nyingi za Android ingia kwenye mipangilio, kisha "kuhusu simu", halafu hali ya laini. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi. Hasi 70 ni raha, hasi 110 ni mateso. Na angalia hapa: tofauti ya 10 si ndogo. Ni mara kumi ya nguvu! Kutoka hasi 110 hadi hasi 100 umepata mara kumi, hadi hasi 90 umepata mara mia.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikafanya praktiko. Simu nikaiweka kwenye 2G, nikazunguka nayo kila kona, nikaandika kwenye daftari. Jikoni hasi 111. Chumbani kwa mama hasi 108. Sebuleni katikati hasi 106. Dirisha la sebuleni linaloangalia mlima wenye mnara, hasi 97. Nje, chini ya upenu, kwenye usawa wa kenchi, hasi 93. Kichuguu cha nyuma ya nyumba, ambacho kijiji kizima kinakiita "ofisini", hasi 86.

Mnaona? Kutoka kitandani kwa mama mpaka dirishani ni hatua tano tu, na kuna tofauti ya zaidi ya mara kumi. Na kwa miaka yote hiyo simu ilikuwa inalala chini ya mto wake.

Tukapigilia kibao kidogo cha mbao pale dirishani, juu, usawa wa kichwa. Kitochi cha mama kinakaa pale muda wote, mlio umewekwa wa juu kabisa. Akipigiwa anaweka spika, anaongea amesimama karibu bila kuishika. Kuishika nako kuna habari yake, kwa sababu antena za simu nyingi zimo ndani ya mwili wa simu, mara nyingi chini au juu, na kiganja kinaziziba. Nikatoka mpaka barabarani, nikampigia mara kumi simu ikiwa jikoni, zikapita tatu. Nikapiga mara kumi ikiwa dirishani, zikapita nane. Gharama ni misumari minne, tena ya zamani.

Faida nyingine ambayo hatukuitegemea ni chaji. Netiweki ikiwa mbali, simu inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike mnarani. Kwenye 2G ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2. Hapo betri inanyonywa kama soda. Mama alikuwa anapeleka simu kuchaji kibandani kila baada ya siku moja. Sasa hivi inakwenda siku tatu.

Basi, ukifika nyumbani fanya hivi kabla ya kununua chochote:

Moja, pima kila kona. Usikisie. Panda na juu, maana mita mbili za kwenda juu zinaweza kukupa kuliko mita ishirini za pembeni.

Mbili, jaribu laini za mitandao mingine. Azima za majirani, weka kwenye simu hiyohiyo, mahali palepale. Mnara ulio upande wa pili wa bonde unaweza kuwa wa kampuni ambayo hujawahi kuifikiria. Na siyo lazima upoteze namba yako, maana tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao na namba ileile.

Tatu, kama simu ni ya tachi na shida yako ni kupiga na kutuma pesa, ilazimishe kwenye 2G. 4G dhaifu inaifanya simu ihangaike kupanda na kushuka, na hapo ndipo mtu anakupigia anaambiwa hupatikani. Huduma za pesa zile za kubonyeza nyota na reli zinakwenda vizuri tu kwenye 2G.

Nne, kama unataka intaneti na dirishani unapata 4G kidogo, kuna ruta zinazotumia laini ya simu ambazo zina tundu za kuchomeka antena ya nje. Antena ya kuelekea upande mmoja, ile inayofanana na ya televisheni, ukiifunga kwenye mlingoti na kuielekeza mnarani inasaidia kweli. Waya uwe mfupi, kwa sababu waya mrefu unakula kila ulichokipata juu. Ndani mnatumia Wi-Fi, mnapigiana kwa WhatsApp. Hii ina gharama na inataka umeme au sola, kwa hiyo ni ya mwenye uwezo.

Vitu vya kuachana navyo: zile stika za kubandika nyuma ya simu, usitupe hela. Kuweka simu kwenye sufuria kunaongeza mlio tu, ule ukuta wa chuma unazuia mawimbi. Waya wa shaba kuzungushia simu, hapana.

Tuje kwenye busta. Siyo kwamba ni utapeli, zipo za kweli. Antena moja inakaa nje, mashine inakuza, antena nyingine inarusha ndani. Lakini kuna mambo matatu tangazo halikuambii. La kwanza, busta haiumbi netiweki. Kama nje kwenyewe hakuna kitu, itakuza hicho hicho hakuna. La pili, antena ya nje na ya ndani zikikaribiana inaanza kujisikia yenyewe, kama kipaza sauti kikiwekwa mbele ya spika kanisani, na ule mlio wake unakwenda mpaka mnarani. Wewe unafurahia, kumbe umevuruga simu za kijiji kizima. La tatu, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, na hizi za kuokota mtandaoni nyingi hazina lolote. Mzee wako yuko kijijini anapata wageni kwa kosa ambalo hata halijui. Kama unaona ni lazima, iulize kwanza kampuni ya laini yako na uhakikishe kifaa kina idhini.

Mpaka hapo nimesema ya ndani ya nyumba. Lakini sitaki mtu aondoke hapa na fikra kwamba kila kitu ni suala la kibao na misumari. Kibao kimemsaidia mama kwa sababu kulikuwa na hasi 97 ya kuokota. Mita mia nne chini yetu, karibu na mto, kuna kaya ambazo ukizunguka nazo bonde zima simu inaandika "hakuna huduma". Hao utawapa ushauri gani? Wahamishe nyumba?

Nchi hii ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kazi yake ni hiyohiyo, kutoa ruzuku ili makampuni yajenge pale ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Kwa hiyo ile hoja ya "wateja ni wachache, hailipi" imeshajibiwa na sheria yenyewe. Na kazi inaonekana. Mei 2023 ilisainiwa mikataba Dodoma ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Na Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi Mlima Kilimanjaro, pale Horombo, mita 3,720 juu ya bahari. Sina ugomvi na mpanda mlima, maana naye anaweza kuumia akahitaji msaada. Ila kama tumeweza kule juu, mama mjamzito wa bondeni asiambiwe kwamba kwake ni kugumu.

Shida ninayoiona mimi ni ya hesabu. Kwetu mnara upo, umesimama mgongoni mwa mlima. Wazee walipouliza waliambiwa "kata yenu ina mnara tayari". Ni kweli kata ina mnara. Bonde halina. Kwenye nchi tambarare hesabu ya kata inaweza kutosha, lakini kwenye milima kama ya Usambara nyumba mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kuwa moja ina netiweki na nyingine haina.

Na hapa ndipo sisi wasomi, kama kweli ni wasomi, tuna kazi. Kulalamika tu "netiweki mbovu" hakusaidii, kila mtu analalamika. Chukua simu yako, zunguka kijijini, andika: nyumba ya fulani hasi ngapi, shuleni hasi ngapi, zahanati hasi ngapi, mtandao gani, tarehe gani. Karatasi moja tu. Ipitishwe kwenye mkutano wa kijiji, iende kwa diwani, nakala kwa kampuni na UCSAF. Likipigwa danadana, lipo baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano chini ya TCRA. Mimi yetu nimeshapima kaya 31 na zahanati, mwenyekiti wa kijiji anayo. Bado hatujajibiwa. Tutauliza tena.

Halafu tusisahau, wengi tunaosoma Elimu tutapangiwa hukohuko. Taarifa nyingi za shule siku hizi zinaingizwa mtandaoni. Mwalimu anayefunga safari kila wiki kutafuta netiweki ni mwalimu ambaye siku hiyo hayupo darasani. Kwa hiyo hata kama mama yako anaishi Sinza na simu yake inasoma full mpaka chooni, jambo hili linakuhusu.

Mwenye vipimo vya kwao aniletee, nimebakiza kurasa kwenye daftari. UE zinakaribia, nitakuwa maktaba.

Naomba kuwasilisha.