Korosho zikiuzwa, nani yuko na watoto?

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, nyumba nyingi hubadilika ghafla. Baba anafuata malipo benki mjini, mama bado yuko shambani anaokota, na gesti zinajaa madereva wa malori na vibarua wageni. Binti aliyekosa hela ya pedi mwezi uliopita anaonekana na simu mpya. Ruangwa kuna na wachimbaji wadogo wa madini, ambao fedha yao ya leo mara nyingi huisha leo.

VVU hupata njia hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kwa vijana, wasichana wanaathirika zaidi ya wavulana.

Kituo cha afya humsubiri binti aje. Anayejua nani ameacha shule na nani anahudumia baa akiwa na miaka 16 ni jirani. Ndiyo maana zinahitajika kamati za UKIMWI za vijiji, waelimishaji rika, na konga, yaani mitandao ya WAVIU ya wilaya iliyo chini ya NACOPHA. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vimo, hata kama havitaji UKIMWI: binti mwenye mtaji wa vitumbua ana nguvu ya kumkatalia mwanamume mwenye hela. Kikundi kinachoonekana Desemba Mosi tu, kikigawa fulana, hakijamfikia.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye jando na unyago. Kungwi ana kitu ambacho nesi hana: mtoto anamsikiliza na mama habishani naye. Tatizo ni pale mtoto wa miaka tisa au kumi anapochezwa, anaambiwa sasa amekua, na mafunzo ya kumfurahisha mume yanamfikia kabla hajaujua vizuri mwili wake. Akirudi darasani, kuna wanaume wanaomwona mtu mzima. Kumtukana kungwi hakusaidii. Ngoma itahamia porini zaidi. Kikundi chenye busara kinakaa naye, wanakubaliana umri usogezwe mbele na mafunzo ya mtoto yawe ya usafi, hedhi na kukataa kushikwashikwa. Anayelipia ngoma ni mzazi, kwa hiyo ana haki ya kuuliza mwanawe atafundishwa nini.

Kwa wavulana, swali la kwanza ni kisu: kila mtoto na wembe wake, au mhudumu wa afya afanye tohara. Swali la pili ni wanachoambiwa baadaye. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Hiyo si kinga kamili, na kondomu bado inahitajika.

Mzazi ajue pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ruhusa ya mzazi. Akienda, asigombezwe.

Na mtoto akibakwa, saa 72 ndizo zinazohesabiwa. Ndani ya muda huo hospitali inaweza kumpa dawa za kuzuia maambukizi, na zikianza mapema ni bora zaidi. Familia nyingi hupoteza saa hizo kwenye vikao vya ukoo, zikijadili fidia na aibu, wakati kosa hilo ni jinai. Mjumbe wa kamati ya kijiji au mwanakonga anayeijua hospitali ya wilaya anaweza kumsindikiza mama usiku huohuo na kwenda naye polisi. Namba 116, ya kusaidia watoto, hupigwa bure. Kikao cha ukoo kinaweza kusubiri hadi mtoto ameshameza dawa.