*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: KODI HAIDAIWI KWA KUFULI*



Tarehe tano imepita, na kila mkaazi wa Eastlands anajua kinachofuata. Kwanza ni ujumbe kwenye simu. Halafu msimamizi wa ploti anabisha. Halafu unarudi jioni kutoka kibaruani na kukuta kufuli geni mlangoni. Anayechelewa zaidi hukatiwa maji na stima. Mwishowe mlango hung'olewa, au mabati hutolewa watoto wakiwa ndani. Mtaa hutazama, na wengi husema: "Si angelipa tu?"

Tawi hili halisemi hivyo. Kodi isiyolipwa ni deni, na deni lina njia yake ya kudaiwa. Mama mboga unayemkopa haji kwako na nyundo. Benki inayodai mamilioni huandika barua, hungoja siku zipite, na huenda kortini. Kwa nini mwenye ploti peke yake awe mdai, hakimu na askari, yote kwa asubuhi moja?

*Sheria inasema nini*

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iko vitabuni tangu 1959. Inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kiwango haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Rudieni kusoma hapo. Chumba cha mabati cha elfu mbili Mathare, Mukuru au Korogocho ndicho sheria hii inachokilinda. Mpangaji wa chumba hicho hatolewi bila amri ya baraza la kodi. Kutolipa kodi ni sababu ambayo mwenye nyumba anaweza kuipeleka mbele ya baraza, lakini hata hapo baraza ni lazima liridhike kwamba kumtoa mtu huyo kunafaa. Tena sheria hiyo hiyo inasema kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumlazimisha ahame ni kosa. Sasa tuulizane: kung'oa mlango ni nini kama si kumsumbua?

Wenye maduka, vinyozi na wenye vihoteli, nanyi mna yenu, Sura ya 301. Kama hamna mkataba wa maandishi, au mkataba wenu hauzidi miaka mitano, mwenye jengo ni lazima awape notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi. Mkipeleka malalamiko kwenye baraza la kodi za biashara kabla notisi haijaisha, mnabaki mahali penu mpaka kesi iamuliwe. Wangapi wamefungasha bidhaa usiku kwa sababu ya mdomo wa mtu tu, bila karatasi yoyote?

*Aibu ya Bunge*

Lakini tusidanganyane. Hiyo Sh2,500 ni aibu. Ni nyumba gani ya Umoja au Kayole inapatikana kwa bei hiyo leo? Mfanyakazi anayelipa elfu sita au elfu nane yuko nje ya ulinzi wa Sura ya 296, ingawa naye anaishi mshahara kwa mshahara. Mswada wa 2021 wa kuunganisha sheria hizi ulifika Bunge la Kitaifa, na kipindi cha Bunge hilo kilikwisha 2022 bila mswada huo kuwa sheria. Wakati huo huo, tangu 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu inakata 1.5% ya mshahara wa mfanyakazi. Nyumba ya kesho tunailipia leo. Nyumba tuliyomo leo, nani anailinda? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Haki hiyo haikuandikiwa wenye hati ya shamba peke yao.

*Kwa wanachama wenye ploti*

Mko kati yetu, na tunawaheshimu. Kuna mama aliyejenga vyumba vinne kwa pesa za chama na mkopo wa sako, na kodi hiyo ndiyo karo ya watoto wake. Hatusemi watu wakae bure. Anayeweza kulipa na hataki ni mnyonyaji kama wengine, na baraza linaweza kuamuru alipe na atoke. Nendeni huko. Au kaeni na mpangaji, mwandikiane alipe kidogo kidogo, kila mtu abaki na nakala yake. Kufuli halijawahi kulipa deni. Linamfanya mtu apoteze kazi, kisha mnakosa kodi yote.

*Kwa vijana*

Hapa tunasema kwa ukali. Mnaitwa, mnapewa mia tano, mnaambiwa mtoe vyombo vya jirani nje. Aliyewatuma hatakuwapo picha zikipigwa. Kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni. Ukibeba televisheni ya mtu bila leseni, kesi ya wizi utajibu wewe. Na siku yako ya kudaiwa itakapofika, utamwita nani?

*Msimamo wa tawi*

1. Hakuna mwanachama atakayekodiwa kumtoa mpangaji. Atakayefanya hivyo ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

2. Ukifungiwa nyumba: tunza risiti na ujumbe wote wa M-Pesa, piga picha za mlango, ripoti kituo cha polisi na usitoke bila nambari ya OB. Kisha lijulishe tawi siku hiyo hiyo. Usiende peke yako.

3. Ukipewa notisi, usikae nayo. Ilete tuisome pamoja kabla siku hazijaisha.

4. Tunaanza kukusanya sahihi nyumba kwa nyumba, kumtaka mbunge wetu alete mswada wa kupandisha kiwango cha Sh2,500. Atakayekuja kuomba kura 2027, awe wa chama chetu au cha wengine, aje na jibu la swali hili.

Wasomeeni majirani wasio na simu. Leo ni mlango wa mwenzako, kesho ni wako.

Mshikamano daima.

*Kamati ya Tawi*